Nani Anazihesabu Breki za Dereva?

Mwezi Machi 2024 gazeti la New York Times liliandika habari za dereva mmoja anayeishi karibu na jiji la Seattle, Marekani. Dereva huyo hajawahi kusababisha ajali. Anaendesha gari la umeme aina ya Chevrolet Bolt, tena kwa uangalifu, kama asemavyo mwenyewe. Hata hivyo, mwaka 2022 ada ya bima ya gari lake ilipanda kwa asilimia 21. Akaulizia kwa kampuni nyingine, nako bei ikawa juu vilevile. Hatimaye wakala mmoja wa bima akamdokezea kwamba sababu mojawapo ni taarifa zake zilizohifadhiwa na kampuni iitwayo LexisNexis.

Akaziomba. Zikaja kurasa 258.

Zaidi ya kurasa 130 kati ya hizo zilieleza safari za gari lake kwa muda wa miezi sita, safari 640 alizoendesha yeye au mke wake. Kila safari iliandikwa saa ya kuanza na saa ya kuisha, umbali, mara ngapi breki zilikanyagwa kwa ghafla, mara ngapi gari lilichomoka kwa kasi, na mara ngapi lilizidi mwendo. Kitu pekee ambacho hakikuwemo ni mahali walikokwenda. Aliyetoa siri hizo ni gari lenyewe. Kampuni ya General Motors, inayotengeneza magari ya Chevrolet, ilikuwa na huduma iitwayo OnStar Smart Driver, na data za huduma hiyo zilipelekwa kwa LexisNexis na kwa kampuni nyingine, Verisk. Hao nao waliziuzia kampuni za bima alama za uendeshaji za kila dereva.

Wasikilizaji, dereva huyo hakuingia bomani kwa mtu wala hakuiba kitu. Alinunua haki ya kuendesha gari, akaliendesha. Mazungumzo ya leo yanahusu kilichompata, kwa sababu kinawapata watu wengi zaidi kila mwaka, na kimekwisha kupiga hodi Afrika Mashariki kupitia milango tofauti na ule wa gari.

Kwanza, bima yenyewe ni nini? Msingi wake haupishani sana na mfuko wa kufa na kuzikana wa mtaani. Watu wanachanga kidogo kidogo kabla ya janga, na anayefikwa analipiwa kutoka kwenye kapu la wote. Hakuna anayejua zamu itamwangukia nani, na kutojua huko ndiko kunakowafanya wote wachange. Kampuni ya bima imeongeza hesabu tu juu ya jambo hilo. Wataalamu wake, watakwimu bima, huwapanga watu katika makundi: kijana na mzee, lori na gari dogo, nyumba ya mbao na nyumba ya matofali. Kila kundi hukadiriwa hasara yake ya mwaka, kisha hutozwa kulingana nayo.

Makundi hayo yalikuwa mapana. Mtu mwangalifu alibebana na mzembe aliye rika lake. Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni wingi wa taarifa na urahisi wa kuzichambua. Simu ina kitambuzi cha mwendo, gari lina kompyuta, saa ya mkononi inahesabu mapigo ya moyo, ndege zinapiga picha mapaa ya nyumba, na duka la mtandaoni linajua nani ananunua nini saa ngapi. Vikichanganywa vyote na kupitishwa kwenye algoriti, lile kundi la watu elfu hamsini linapasuliwa hadi linabaki la mtu mmoja mmoja.

Haki lazima itendeke hata kwa wenye kampuni: kuna wanaonufaika. Fikiria kijana wa kiume wa Uingereza aliyepata leseni jana. Kwa miaka mingi kijana kama huyo ametozwa ada kubwa kuliko bei ya gari lake kuukuu, kwa sababu tu wenzake wa rika lile hupata ajali nyingi. Tarehe 1 Machi 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha walaji cha Ubelgiji cha Test-Achats, iliamua kwamba wanaume na wanawake wasitozwe ada tofauti kwa sababu ya jinsia. Uamuzi huo ulianza kutumika tarehe 21 Desemba 2012. Jinsia ilipoondolewa kwenye hesabu, kisanduku kinachofungwa garini na kurekodi uendeshaji kiliwapa vijana waangalifu njia ya kujitetea kwa matendo yao wenyewe, na wengi wamepunguziwa ada kwa njia hiyo. Mtu aliyekubali kisanduku kwa hiari, akaelezwa kinapima nini, akaona alama zake kila wiki kwenye simu, amefanya biashara ya haki.

Shida inaanza pale ambapo kipimo hakijui kilichotokea barabarani. Chukua breki ya ghafla. Kampuni ya Progressive ya Marekani, iliyotangulia wengine katika mambo haya kwa mpango wake uitwao Snapshot, huhesabu kuwa breki imekanyagwa kwa nguvu pale mwendo unapopungua kwa zaidi ya maili 7 kwa saa ndani ya sekunde moja, yaani kama kilomita 11. Sasa mtoto akikimbilia mpira barabarani, dereva anayekanyaga breki na kumwokoa anaandikiwa alama ileile anayoandikiwa aliyekuwa akichezea simu akashtukia lori mbele yake. Mpango huohuo huhesabu kuwa hatari kuendesha kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri. Ni kweli ajali mbaya hutokea saa hizo. Lakini wanaokuwa barabarani saa hizo ni nani? Wapo walevi, na wapo wauguzi wanaotoka zamu, wafagiaji wa ofisi, walinzi, waokaji mikate. Mwenye kazi ya mchana ofisini hupata punguzo bila jasho. Anayefagia ofisi hiyo usiku hulipa zaidi, na Progressive yenyewe inasema wazi kwamba baadhi ya madereva huishia kupandishiwa ada.

Turudi kwa General Motors. Habari ile ya Machi 2024 ilizua ghadhabu, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ilitangaza kuacha kuwapelekea LexisNexis na Verisk data za wateja wake. Agosti mwaka huo mwanasheria mkuu wa jimbo la Texas, Ken Paxton, aliishtaki. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza amri ya kuizuia kwa miaka 5 kuzipa kampuni zinazokusanya taarifa za walaji data za uendeshaji na za mahali gari lilipo. Tume ilieleza jinsi wateja walivyoingizwa katika mpango ule kupitia hatua za kujiandikisha zilizojaa utata, kiasi kwamba wengi hawakujua wamekubali nini. Mteja yuko dukani, muuzaji ana haraka, funguo zinang'aa mezani, na kwenye kioo pana neno la kukubali. Nani angesoma?

Na gari si lazima liwe jipya. Mwezi huohuo wa Januari 2025 Paxton aliishtaki kampuni ya bima ya Allstate pamoja na tawi lake la data, Arity. Hati ya mashtaka inadai kwamba Arity iliwalipa watengenezaji wa programu za simu wapachike ndani yake vipande vya msimbo wa kompyuta vya kufuatilia mwendo wa simu, na kwamba data za Wamarekani zaidi ya milioni 45 zilikusanywa kwa njia hiyo. Programu mojawapo iliyotajwa ni Life360, ambayo familia huitumia kujua watoto wao wako wapi. Hayo ni madai, na mahakama ndiyo itakayoamua. Ila swali linaloibuka halihitaji kungoja hukumu: simu inapotembea kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, inajuaje kwamba mwenye simu ndiye anayeendesha, na si abiria aliyekaa kiti cha nyuma cha basi?

Mpaka hapa tumezungumzia kupima hatari, vizuri au vibaya. Liko jambo la pili ambalo wateja wengi hawalijui kabisa, na ndilo linalostahili kuwakera zaidi. Data zinaweza kutumika kumpima mteja uvumilivu wake. Kampuni inajiuliza: mtu huyu, tukimpandishia ada, atahama au atanyamaza? Hapo breki zake na afya yake vimewekwa kando. Kinachotafutwa ni kiwango cha juu kabisa ambacho mfuko wake utakistahimili kabla hajakasirika.

Mfano uko Maryland, Marekani. Allstate iliomba kutumia mfumo mpya wa kupanga bei katika jimbo hilo, na mwaka 2014 mdhibiti wa bima aliukataa kwa kuwa ulikuwa wa ubaguzi. Mwaka 2020 waandishi wa chombo cha habari cha The Markup wakishirikiana na shirika la walaji la Consumer Reports walizichambua nyaraka za ombi lile. Walikuta kwamba wateja waliokuwa tayari wakilipa fedha nyingi ndio wangepandishiwa zaidi, ilhali maelfu ya waliokuwa wakitozwa kupita kiasi, kwa hesabu za kampuni yenyewe, wangepunguziwa nusu asilimia tu. Kampuni ilijua kwamba inawadai watu kuliko wanavyostahili. Ilipanga kuwarudishia makombo.

Uingereza jambo hilo lilikuwa limeenea kiasi cha kuwa desturi. Mteja mpya anavutwa kwa bei nafuu. Akishakaa, ada inapanda kidogo mwaka wa kwanza, kidogo mwaka wa pili, na kompyuta ndiyo inayobashiri nani hatashituka. Waliobaki miaka mingi, mara nyingi wazee na wasio na muda wa kupekua mitandao ya kulinganisha bei, wakawa ndio wanaolipia punguzo la wageni. Septemba 2018 shirika la ushauri kwa wananchi la Citizens Advice liliwasilisha malalamiko rasmi. Mdhibiti wa huduma za fedha, FCA, alipochunguza bima za magari na za nyumba alikuta kwamba wateja milioni 6 wangeokoa pauni bilioni 1.2 katika mwaka 2018 pekee kama wangetozwa bei ya wastani kwa kiwango chao cha hatari. Tangu tarehe 1 Januari 2022 ni marufuku nchini humo kumtoza mteja anayehuisha bima ya gari au ya nyumba bei ya juu kuliko ambayo angetozwa kama angekuwa mteja mpya. FCA ilikadiria kwamba walaji wataokoa pauni bilioni 4.2 katika miaka 10. Pauni bilioni 4.2, na hakuna aliyekuwa amevunja gari wala kuunguza nyumba ili kuzipoteza.

Kampuni moja ya bima ya Uingereza, Admiral, ilijaribu njia ya ajabu zaidi. Novemba 2016 ilitangaza kwamba madereva wapya wangeweza kuipa ruhusa isome wanachoandika Facebook, na ambao maandishi yao yangeonyesha tabia nzuri wangepata punguzo la hadi pauni 350 kwa mwaka. Anayeandika sentensi fupi zilizonyooka, anayetaja saa kamili ya kukutana na rafiki badala ya kusema tu "jioni", huyo angehesabiwa makini. Anayemwaga alama za mshangao, anayependa maneno kama "daima" na "kamwe", angeonekana anajiamini kupita kiasi. Saa chache kabla ya uzinduzi Facebook yenyewe iliuzuia mpango huo, ikisema kanuni zake haziruhusu. Ni vizuri kwamba ulizuiwa. Lakini hakuna mbunge wala jaji aliyeuzuia. Ulizuiwa na kampuni nyingine kubwa ya data kwa kanuni zake yenyewe, na kanuni za namna hiyo zinaweza kubadilishwa siku yoyote bila mlaji kuulizwa.

Tena data hazizaliwi zikiwa safi. Zinabeba historia ya mahali zilikotoka. Mwaka 2017 shirika la habari za uchunguzi la ProPublica na Consumer Reports walilinganisha ada za bima ya magari na fidia zilizolipwa katika majimbo manne ya Marekani: California, Illinois, Texas na Missouri. Walikuta kampuni zilizotoza mitaa ya Wamarekani weusi na ya walio wachache hadi asilimia 30 zaidi ya mitaa mingine yenye gharama za ajali zinazolingana. Uingereza nako, mwaka 2022 Citizens Advice ilionyesha kwamba katika maeneo ambako zaidi ya nusu ya wakazi si weupe, bima ya gari iligharimu angalau pauni 280 zaidi kwa mwaka. Fomu ya bima haiulizi rangi ya mtu. Inauliza msimbo wa posta, na msimbo unajibu kwa niaba yake. Wasomali wa London mashariki, Wakongo wa Tottenham na Waswahili waliohamia huko miaka mingi wanaishi ndani ya misimbo hiyo.

Kuna pia upande wa kulipwa fidia, maana bima ni ahadi, na ahadi hupimwa siku ya shida. Machi 2023 ProPublica ilifichua kwamba madaktari wa kampuni ya bima ya afya ya Cigna, wakitumia mfumo wa kompyuta uliochambua madai kwanza, walikataa zaidi ya madai 300,000 katika miezi miwili ya mwaka 2022. Wastani wa muda uliotumika kwa kila dai ulikuwa sekunde 1.2. Katika sekunde moja nukta mbili daktari hawezi hata kusoma jina la mgonjwa na la mji wake.

Afrika Mashariki mambo hayajaenea hivyo kwenye magari. Tanzania bima kubwa ya gari binafsi imezoeleka kutozwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na Kenya nako asilimia ya thamani ndiyo kipimo kikuu. Dereva wa Ubungo, Dar es Salaam, anayekanyaga breki kila dakika tano na wa Mbezi anayeteleza kwenye lami tupu hulipa kwa kanuni moja. Ila Afrika Kusini, kampuni ya Discovery iliyoanzishwa na Adrian Gore mwaka 1992 ilibuni mpango wa Vitality wa kuwazawadia wateja wanaofanya mazoezi na kupima afya, na wazo hilo la Johannesburg limesafiri hadi Boston: Septemba 2018 John Hancock, kampuni kongwe ya Marekani, ilitangaza kwamba bima zake zote za maisha zitaunganishwa na Vitality. Biashara inayovuka bahari kuelekea huko haitashindwa kuvuka mpaka kuja huku.

Na kwa kweli data kubwa iliwafikia wafugaji wa Marsabit kabla ya madereva wa Nairobi. Januari 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na wenzake walianzisha huko bima ya mifugo isiyohitaji mtu kuja kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho kutoka angani. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa, awe amefiwa na ng'ombe mmoja au kumi. Serikali ya Kenya iliupanua mpango wa namna hiyo kuanzia mwaka 2015, na Februari 2017, ukame ulipouma, zaidi ya kaya 12,000 za wafugaji katika kaunti sita zililipwa. Nani angekwenda kumkatia bima mfugaji anayehamahama kati ya jangwa la Chalbi na mpaka wa Ethiopia, akague zizi lake, kisha arudi tena kuthibitisha kifo cha ngamia? Gharama ya safari ingemeza ada yote. Hapa data zimefungua mlango uliokuwa umefungwa, na anayepinga kila matumizi ya data kwenye bima itabidi amsahau mfugaji huyo kwanza.

Hata hivyo setilaiti huona kijani tu. Haiwezi kumuuliza mbuzi. Katika nchi kavu za Kenya umeenea mti wa mathenge, ulioletwa kuzuia jangwa, ambao hubaki na majani mabichi hata wakati wa kiangazi na kuvamia nyasi ambazo mifugo ingekula. Kwa jicho la angani mathenge ni ukijani kama ukijani mwingine. Mfugaji anayetazama zizi linalokonda huku kompyuta ikisoma kwamba malisho yapo, anamwambia nani?

Jibu la swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo haya, na Malawi ilitoa somo lake kwa uchungu. Msimu wa 2015 na 2016 serikali ya Malawi ilikuwa imelipa dola milioni 4.7 kwa mfuko wa bima ya ukame wa Afrika, African Risk Capacity, unaotumia data za mvua za setilaiti. Ukame ukaja, taifa likatangaza janga, na watu wapatao milioni 6.7 wakahitaji chakula. Kompyuta ya mfuko ilipokokotoa ikasema walioathirika ni 20,000 na ushee, kwa hiyo hakuna malipo. Maafisa walikwenda mashambani kutafuta kosa, wakalipata: mfumo ulidhani wakulima wanapanda mahindi ya muda mrefu, kumbe wengi walishahamia mahindi yanayokomaa mapema, ambayo mvua iliyakatikia katika majuma mabaya kabisa. Hesabu zikarudiwa, na mfuko ukakubali kulipa dola milioni 8.1. Fedha zilifika mapema mwaka 2017, miezi mingi baada ya njaa kuanza.

Malawi ilisikilizwa kwa sababu ni dola. Ina mawaziri, wanasheria na washirika wa kimataifa wa kuisemea. Mama anayeuza mboga Kawangware, Nairobi, hana hao, naye amekwisha kuingizwa kwenye hesabu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Kenya imeacha mfuko wa bima ya afya wa NHIF na kuhamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na hati ya mshahara hujibu maswali kuhusu maisha yake, nyumba imeezekwa kwa nini, kuta ni za nini, choo ni cha namna gani, anapikia nini, ana mifugo mingapi, kisha mfumo unabashiri kipato chake na kumtajia mchango. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na utaratibu ulidai mwaka mzima ulipwe kwa mkupuo. Nia ilikuwa njema: asiye nacho achange kidogo. Lakini sakafu ya saruji haisemi ililetwa na nani. Mjane aliyejengewa na mwanawe aliyefariki ana sakafu hiyohiyo kama ya mwenye duka. Malalamiko yaliyojaa Kenya tangu mfumo uanze ni ya watu waliotajiwa viwango wasivyoweza kuvibeba, na anayeshindwa kulipa huweza kudaiwa fedha taslimu hospitalini.

Kwa hiyo lawama isielekezwe kwa hesabu peke yake. Dereva wa Seattle, mfugaji wa Marsabit na mama wa Kawangware wote wamehesabiwa. Linalowatenganisha na serikali ya Malawi ni uwezo wa kuiona hesabu na kuibishia. Dereva yule angalau aliziona kurasa zake 258, kwa sababu moja tu: Marekani ina sheria ya mwaka 1970 inayozilazimisha kampuni zinazokusanya taarifa za walaji zimwonyeshe mtu faili lake akiliomba, na zirekebishe makosa. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya mikopo, kabla ya simu ya mkononi kuwapo madukani, nayo ndiyo iliyomwokoa na giza. Colorado ikaongeza mwaka 2021 sheria inayozitaka kampuni za bima zithibitishe kwamba data za nje na algoriti zao hazibagui. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili mnemba ya mwaka 2024, umeweka mifumo inayopanga bei za bima ya maisha na ya afya katika daraja la hatari kubwa.

Kwetu sheria zipo, na hazijulikani vya kutosha. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na kompyuta pekee. Pale ambapo uamuzi kama huo unaruhusiwa, lazima aarifiwe kwa maandishi, na anaweza kudai ufikiriwe upya kwa mkono wa binadamu. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo na kuunda Tume ya kusimamia. Wadhibiti wa bima, IRA ya Nairobi na TIRA ya Dar es Salaam, wanapaswa kuzipokea haki hizo na kuziandika kwenye masharti ya leseni. Kila karatasi ya bei ya bima ionyeshe data gani zilitumika na zilitoka wapi. Kitu chochote kinachompima mteja uvumilivu wa mfuko wake kipigwe marufuku kabla hakijaota mizizi, kama walivyofanya Waingereza baada ya kuumia.

Kungoja wadhibiti si lazima. Kanuni za Kenya za mwaka 2021 zinamruhusu mtu yeyote aombe, bila malipo, nakala ya taarifa zake zilizoko kwa kampuni au taasisi, naye ajibiwe ndani ya siku 7. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: jina, namba ya bima au ya usajili, na maneno kwamba anaomba aonyeshwe taarifa zilizotumika kupanga mchango wake. Zikikosewa, anaomba zisahihishwe. Akinyamaziwa, anapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye Septemba 2023 aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride kwa kutumia vibaya majina na namba za watu. Sheria inamtaka Kamishna huyo ayamalize malalamiko ndani ya siku 90.